Mandolini Iliyopakwa Samli

Mimi nikinunua kuku humshika kifua. Nikinunua sufuria huigonga, na nikinunua viazi huingiza mkono mpaka chini ya gunia, maana huko chini ndiko watu wa soko la Isiolo huficha aibu zao. Bei ya kwanza sijawahi kuilipa tangu nizaliwe. Lakini mwaka ule wa sitini na sita nilisimama dukani kwa Anderson mbele ya mandolini nyekundu inayong'aa, na sikujua nishike wapi.

Niligonga tumbo lake, likalia. Nikavuta uzi mmoja, nao ukalia. Anderson alikuwa akinitazama huku anapangusa kaunta ambayo haikuwa na uchafu. Kazi yake ilikuwa kununua vyombo vya wazungu waliokuwa wanahama mashamba ya Timau, kisha anatuuzia sisi vitanda, taa na cherehani zilizochoka.

"Mama Mukami, hii ni mali safi. Angalia hiyo rangi."

"Rangi naiona. Hata kuku mgonjwa ana rangi."

Nikairudisha kwenye msumari wake, nikatoka. Nilijua jambo moja tu kuhusu mandolini, kwamba mume wangu alizijua kuliko mtu yeyote kati ya Meru na Marsabit. Na mume wangu ndiye niliyekuwa nataka kumnunulia bila yeye kujua.

M'Ikiara alikuwa mtu wa kelele. Akiingia nyumbani utajua, akitoka utajua, na akiwa ndani majirani wote watajua. Alikuwa utingo kwenye lori la baba mdogo wa rafiki yake Guleid, na Guleid mwenyewe ndiye aliyekuwa dereva. Wale wawili walikuwa hawaachani. Siku za kazi walipeleka mahindi na sukari kaskazini, na siku za harusi walipiga mandolini, kila mtu na yake. M'Ikiara alipiga ile sauti ya juu, ya kukimbiakimbia, inayowainua wasichana kwenye viti. Guleid alipiga ya chini, polepole, sauti zile zile chache, kama mtu anayetembea nyuma ya ng'ombe. Harusi za Wameru waliziendea, na za Waislamu wa mtaa wa Chechelesi pia, kwa sababu wakati huo mtu aliweza kwenda harusi ya jirani bila kuulizwa yeye ni wa upande gani.

Kisha vita vya shifta, wale wapiganaji waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vikafika barabarani. Lori lilikanyaga bomu lililofukiwa mbele ya Ngaremara, Guleid akafa pale pale, na mandolini ya M'Ikiara, iliyokuwa nyuma ya kiti, ikaungua pamoja na mahindi. M'Ikiara alirudi kutoka hospitalini bila vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete. Mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi.

Aliporudi aliketi. Alikuwa na kiti chake ukutani, upande wa kivuli, na kivuli kikihama naye alihama. Nikimsemesha alinijibu vizuri, hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Hakutaka kwenda sokoni, hakutaka kanisa, na hasa hakutaka kupita Chechelesi; hata nikimtuma karibu na huko alizunguka njia ya mbali. Binti yetu Mukami tulikuwa tumempeleka Meru kwa nyanya yake kwa sababu ya vita, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili, mimi na kimya chake. Nilikuwa nimeolewa na mwanaume, sasa nilikuwa naishi na kiti. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwamba nitamzika huyu mtu kabla hajafa.

Ndipo nikaamua kwamba dawa ni mandolini. Vidole viwili vilikuwa vimebaki, na gumba, na mimi nimeona watu wakilima kwa jembe bovu na wakavuna.

Kumwambia moja kwa moja haikuwezekana. Nilishawahi kulitaja neno hilo, akauficha mkono ndani ya koti na akaninyamazia mpaka kesho yake. Kwa hiyo nikatunga uongo. Nilimwambia kwamba ndugu yangu Salesio, anayeongoza kwaya ya kanisa lao kule Nkubu, anataka mandolini ya kwaya, isiwe ghali, na ameomba nimtafutie. Nikaongeza kwamba mjini ziko mbili, na mimi sijui kuchagua.

"Wewe njoo uangalie tu. Hutashika kitu."

Aliniangalia kwa muda. "Ya kwaya," akasema.

"Ya kwaya."

Akainuka kutafuta kofia yake. Nilidhani nimemshinda kwa ujanja, na njia nzima nilijisifu moyoni.

Dukani kwa Anderson, M'Ikiara alikataa hata kuipokea ile mandolini. Mkono wa kushoto aliuacha mfukoni. Aliniambia niishike mimi, kichwa cha mandolini kikielekea mlangoni, naye akafumba jicho moja akaitazama shingo kutoka mwisho hadi mwisho, kama askari anayelenga. Shingo ikipinda, alisema, hata malaika hawezi kuipiga. Hiyo haikuwa imepinda sana. Kisha akaniambia nizungushe masikio, yale ya kukazia nyuzi, nivute uzi kidogo, niuache, tusikilize kama sauti imeshuka. Ilikuwa imeshuka. Nikakaza, nikavuta, ikashuka tena.

"Masikio yamelegea," akasema.

"Hayo ni kutia mafuta tu," akasema Anderson.

"Ukitia mafuta yatalegea zaidi."

Akaomba njiti ya kiberiti, akaniambia niilaze juu ya shingo, chini ya nyuzi, pale katikati. Mandolini nzuri, alisema, njiti inabanwa hapo, haina nafasi ya kucheza. Hii nyekundu iliiacha njiti ikaanguka upande wa pili. Ungeweza kulaza njiti mbili, moja juu ya nyingine, na bado zisiguse uzi.

"Sasa bonyeza hapo, mpaka uzi uguse chuma."

Vyuma ni vile vidogo vinavyoikata shingo kama ngazi. Nilibonyeza, naye akapiga kwa mkono wa kulia. Hivyo ndivyo tulivyoifanya kazi hiyo, mimi nikiwa mkono wake wa kushoto, tumesimama bega kwa bega mithili ya watu wanaokamua ng'ombe mmoja. Nilibonyeza chuma cha kwanza, nikaenda cha pili, nikaendelea. Hatukuwa tumefika mbali kabla kidole changu hakijachimbika mfereji.

"Umeumia?"

"Nimeumia."

"Basi haifai. Mwanakwaya naye ana kidole kama chako."

Anderson alisema kwamba kidole huzoea. M'Ikiara akamwambia kwamba punda pia huzoea, na ndiyo sababu hakuna anayemuuliza kitu. Tangu atoke hospitalini sikuwa nimemsikia akimrudishia mtu maneno hivyo, na nilikaribia kumshukuru Anderson kwa mali yake mbaya. Lakini pia nilikuwa na hasira. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mtu hawezi kuipima mandolini bila kuipiga, na huyu alikuwa amepata njia ya kuipima kwa vidole vyangu.

"Iko nyingine," nikamwambia tulipotoka. "Iko Chechelesi."

Alisimama. Chechelesi kulikuwa na mandolini moja tu, ya Guleid.

Isnino, mamake Guleid, aliuza samli na maziwa ya ngamia karibu na mahali ninapouza viazi na miraa. Yeye ni Mborana, mjane wa Elmi, Msomali ambaye babu yake aliletwa Isiolo na jeshi la Waingereza. Kila tukikutana aliniuliza habari za mume wangu, na kila mara nilimwambia anaendelea vizuri. Kisha siku moja akaniambia anataka kuuza ile kitu ya Guleid, na alinitazama sana alipokuwa anasema. Siku ya bomu mandolini hiyo ilibaki nyumbani kwa sababu uzi wake mmoja ulikuwa umekatika.

Nilitarajia M'Ikiara ageuke arudi kwenye kiti chake. Aliivuta kofia chini, akatembea.

Kwenye kizuizi askari walituuliza Wameru wawili tunatafuta nini upande huo. Nikasema tunakwenda kununua mandolini. Walicheka, wakatuambia turudi kabla ya kafyu, maana mandolini haizuii risasi.

Isnino tulimkuta uani anafukiza vibuyu vya maziwa. Hiyo ni kazi ambayo Waborana hawaifanyi kwa haraka. Unachoma vijiti vya mti wenye harufu nzuri, unatia makaa ndani ya kibuyu, unakitikisa, unakifunika, halafu nje unakipaka mafuta. Kibuyu kilichofukizwa hakiharibu maziwa, hakiingiwi na wadudu, na hakipasuki hata jua liwe kali vipi. Vibuyu vilivyokwisha kufukizwa vilikuwa vimetundikwa kwenye boriti juu ya moshi, na kati yao ilining'inia mandolini, nyeusi, inang'aa mafuta.

"Nagaa?" akasema Isnino. Ndiyo salamu yao, amani.

"Nagaa, Mama Guleid," akajibu M'Ikiara, na sauti ikamkatikia kwenye lile jina.

Isnino hakumsaidia. Alimaliza kukitikisa kibuyu alichokuwa nacho, akakiweka chini.

"Wewe nakaa wapi hii siku yote? Mimi nazika mtoto, watu nakuja. Mpaka mzee ya Biliqo, mbali huko, nakuja na miguu. Wewe hapana."

"Nilikuwa hospitali, mama."

"Ile ya kwanza, hospitali. Na hii ingine?"

M'Ikiara alivua kofia. Isnino alitusukumia vigoda, akatuletea chai, tukanywa. Halafu akaitungua mandolini akanipa mimi, akataja bei yake, bei ya mbuzi mzuri wa siku za amani. Nikasema ni ghali. Akasema ndiyo, ni ghali.

"Bado unaipaka mafuta?" M'Ikiara akauliza.

"Kila wiki. Mti ni mti. Ukiacha kavu, napasuka."

Guleid alipoileta nyumbani mara ya kwanza, mamake aliona chombo cha mti chenye tumbo na mdomo, akakitunza kama anavyotunza vyombo vyake vyote, kwa samli na moshi. Hakuna fundi wa mandolini duniani angemruhusu. M'Ikiara alimcheka Guleid sana kwa jambo hilo: mandolini yake ilinuka maziwa, na sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu mwenye mafua. Lakini ile ya M'Ikiara, iliyokuwa kavu na safi, ilipasuka tumbo kila kiangazi, na kila kiangazi aliiziba kwa gundi huku akitukana jua la Isiolo.

Aliniambia nielekeze shingo kwenye mwanga. Ilikuwa imenyooka. Akainusa kwenye tundu, akapitisha kidole cha mkono wa kulia ukingoni kutafuta unga wa bungua, wadudu wa mbao, hakuupata. Hapakuwa na ufa hata mmoja. Tukakaza nyuzi zilizobaki, tukavuta, na sauti ikakaa pale tulipoiacha. Njiti ya kiberiti ilibanwa sawasawa.

"Bonyeza."

Nilibonyeza, kidole kikateleza. Shingo yote ilikuwa samli. Nikaipangusa kwa leso, nikabonyeza tena, kikateleza tena, na uzi ukakoroma.

"Bonyeza nyuma ya chuma, si juu yake."

"Ndiyo nabonyeza."

"Hubonyezi, unapapasa. Kaza."

"Nikaze nini na hii ni mafuta matupu?"

"Gaceri, lete hapa."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya zamani, ile ya kumfokea dereva anayerudisha lori nyuma vibaya, na akaninyang'anya mandolini. Mkono wa kushoto ulikuwa umetoka mfukoni kabla hajakumbuka kuuficha. Ningependa kusema kwamba nilipanga iwe hivyo. Sikupanga. Ni samli.

Alisimama ameishika ile shingo, kidole cha shahada upande mmoja wa pengo na kidole kidogo upande wa pili. Isnino aliutazama mkono huo waziwazi, bila kugeuza uso. Kisha M'Ikiara akaketi, akaanza kupima chuma kimoja kimoja kwa kidole cha shahada, kuanzia kichwani kuja tumboni, ameinamisha sikio. Mpaka katikati ya shingo sauti zilikuwa nzuri na nene. Kupita hapo zikaanza kufifia, na mwishoni alikuwa anagonga mbao tu.

"Huku kwenye sauti za juu imekufa," akasema. "Nilimwambia Guleid siku ile ile tulipozinunua. Nikamwambia, acha hiyo, huku juu haina kitu. Akaniambia yeye hafiki huko."

"Hapana fika," akasema Isnino. "Kweli."

M'Ikiara akarudi kwenye sauti nzuri. Alijaribu kwanza wimbo wake mwenyewe, ile sauti ya kukimbiakimbia. Ulikwenda kidogo, ukafika mahali palipotaka kidole cha kati, ukaanguka. Akaanza upya, ukaanguka pale pale. Nilijua sasa ataiweka chini, na kwamba akiiweka chini hataishika tena maisha yake yote, na mimi ndiye nitakuwa nimemleta aone hivyo kwa macho yake. Nikaanza kuomba kimya, mimi ambaye huomba kanisani tu.

Hakuiweka chini. Kisha kidole cha shahada kikahamia mahali pengine, kidole kidogo kikafuata, akaanza kupiga taratibu, sauti chache, zile zile, kwenda na kurudi. Sikuutambua wimbo huo. Niliusikia kama nusu ya kitu.

Isnino ndiye aliyeutambua. Alikuwa ameshika kibuyu kingine, akakiweka chini na makaa yakiwa ndani yake. Alivuta mtandio ukamfunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Hiyo ni ya Guleid," akasema ndani ya mtandio. "Ile yeye napiga hapa nyumbani, peke yake."

"Ni yake, mama. Haitaki vidole vingi." M'Ikiara aliendelea kupiga. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi. "Nisamehe kwa kuchelewa."

"Piga kwanza," akasema Isnino.

Akapiga. Mimi pia nililia, na chai yangu ikapoa. Nilikuwa nimemsikia mume wangu akipiga sauti ya juu miaka yote ya ndoa yetu, na sikuwahi kujua kwamba hii ya chini anaijua yote, kila mahali ilipopumzika na kila mahali ilipogeuka. Alikuwa ameketi kando ya Guleid muda wote huo akiisikiliza.

Alipomaliza alijipangusa uso kwa mkono wa koti, akanigeukia kutoa uamuzi.

"Mwambie Salesio hii haifai kwa kwaya. Mtu mwenye vidole vyote atataka kupanda huku juu, na huku juu ataibiwa."

"Na mwenye vidole viwili?"

"Huyo haibiwi."

Nikafungua fundo la leso. Nilimlipa Isnino bei ile ile aliyoitaja mwanzo. Alipoona sibishani alinitazama kwa wasiwasi, akanishika paji la uso aone kama nina homa, kisha akaniongezea kopo la samli. Akamwambia M'Ikiara aipake kila wiki, na siku ya Ijumaa aje nayo aone kama anaipaka vizuri. M'Ikiara akasema atakuja.

Tulirudi jua likiwa limeanza kulegea. Mandolini aliibeba mwenyewe, na harufu ya moshi na maziwa ilitufuata. Askari wa kizuizini walimwambia awapigie kidogo, akawaambia bado uzi mmoja, wangoje Ijumaa.

"Kanisa la akina Salesio," akasema tulipokuwa tumewapita, "haliruhusu hata ngoma. Kwaya yao inaimba kwa mdomo mtupu tangu siku nilipokuoa."

Nikamgeukia. "Umejua tangu lini?"

"Tangu uliposema kwaya."

"Ukaniacha niumie kidole kwa Anderson?"

"Ile nayo ilikuwa lazima ipimwe."

"Na kama ulijua ni uongo, ulikuja kufanya nini?"

Aliihamisha mandolini kwenye bega lingine, upande wa mkono mbovu.

"Ulisema ziko mbili," akasema. "Ya pili najua ni ya nani. Mtu akichelewa matanga namna ile, Gaceri, hawezi kwenda peke yake."